Muulize Mpishi Kabla Hujaunda Jiko

Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Neno hilo lina mafunzo makubwa kwa kila mtu ambaye kazi yake ni kutengeneza kitu kitakachotumiwa na mwenziwe: seremala, mfua bati, mhandisi, na hata sisi watumishi wa serikali tunaopanga huduma za wananchi. Mara nyingi chombo huundwa na mtu asiyekitumia, kikanunuliwa na mtu asiyekitumia, kisha kikaangukia mikononi mwa mama ambaye hakuulizwa neno hata moja.

Siku hizi kumchunguza mtumiaji kabla ya kuunda chombo ni taaluma kamili, nayo hufundishwa vyuoni na kuajiri watu wengi viwandani. Lakini asili yake ni adabu tunayoijua sote: kumwendea mwenye haja, kumtazama akifanya kazi yake, na kumsikiliza. Hebu tutazame mifano miwili, mmoja wa jikoni na mwingine wa kisimani.

JIKO LENYE KIUNO

Akina mama wengi wanalijua jiko la makaa lenye kiuno chembamba, lililovikwa bati nje na kutiwa bitana ya udongo uliochomwa ndani. Jiko hilo lilibuniwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati upungufu wa kuni na makaa ulipokuwa ukiwatia watu wasiwasi. Mwezi wa Agosti 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano mkubwa mjini Nairobi kuzungumzia nishati mpya. Jiko la zamani lilikuwa la bati tupu, na moto wake mwingi ulipotea ubavuni badala ya kupanda kwenye sufuria. Wataalamu waliazima fikira kutoka Thailand, ambako majiko ya udongo yalikuwa yakitumika tangu zamani.

Hata hivyo, majiko ya kwanza hayakuwa mazuri kama tunavyoyaona leo. Bitana ilipasuka kwa ukali wa moto, na wapishi wakalalamika. Wataalamu wangeweza kusema kwamba wapishi hawajui kutumia chombo cha kisasa. Badala yake waliyachukua malalamiko hayo kama kazi ya shule iliyosahihishwa, wakarudi kwa mafundi, wakabadili umbo. Udongo ukawekwa sehemu ya juu tu, penye makaa. Sehemu ya chini ikaachwa bati, ipokee majivu na kupitisha hewa. Kitako kikapanuliwa ili jiko lisimame imara, jambo ambalo kila anayesonga ugali kwa nguvu za mikono miwili analithamini. Kazi ikabaki kwa mafundi wadogo, kama wale wa Shauri Moyo mjini Nairobi, ambao huonana na wanunuzi wao kila siku.

Matokeo yake yanajulikana. Inakadiriwa kwamba jiko hilo hupunguza makaa kwa asilimia 30 hadi 50 likilinganishwa na lile la bati tupu. Limevuka mipaka likafika Uganda, Rwanda, Burundi, Tanzania, Ethiopia na Sudan, na kila nchi imelirekebisha kulingana na mapishi yake. Katika nyumba ya kipato kidogo, gunia la makaa linalodumu zaidi ni daftari la mtoto na sabuni ya wiki.

BEMBEA LA KISIMANI

Mfano wa pili ni wa huzuni. Huko kusini mwa Afrika palibuniwa pampu iliyofungwa kwenye bembea la kuzunguka. Watoto wakicheza, maji yangepanda kutoka ardhini hadi kwenye tangi. Fikira hiyo iliwapendeza wengi, na mwaka 2006 ikatangazwa huko Marekani ahadi ya dola milioni 16.4 kwa ajili ya kuieneza. Kila pampu iligharimu takriban dola 14,000, fedha zinazotosha pampu nne za kawaida za mkono.

Lakini mtoto hucheza anapotaka, naye mama huhitaji maji alfajiri kabla ya uji. Katika vijiji kadhaa, vikiwamo vya Msumbiji, wanawake, hata wazee, walijikuta wakilisukuma bembea wenyewe, nayo ni kazi nzito na ya kuaibisha kwa mtu mzima. Mahali pengine pampu ya zamani ilikuwa imekwisha kung'olewa. Mwaka 2009 gazeti la Uingereza, The Guardian, lilipiga hesabu kwamba ili kutimiza lengo la maji lililowekwa, watoto wangelazimika kucheza saa 27 kila siku. Siku, kama tujuavyo, ina saa 24. Asubuhi moja tu ya kukaa kisimani na kuhesabu ndoo ingaliweza kuonyesha hayo.

NJIA YA KUFUATA

Basi tufanyeje? Kwanza, aulizwe anayetumia. Ukitaka kujua habari za sufuria, baba mwenye nyumba si shahidi wako. Pili, tazama zaidi ya kuuliza. Watu wetu wana adabu. Mgeni akiwauliza kama kitu chake ni kizuri, watasema ni kizuri sana. Kaa mpaka chakula kiive, nawe utaona mama akitia jiwe chini ya mguu wa jiko. Jiwe hilo limesema yale ambayo adabu ilimzuia mama kuyasema. Tatu, tengeneza vichache, uvipeleke katika nyumba chache, urudi baada ya mwezi. Kosa katika majiko matano husahihishwa kwa siku moja. Kosa katika majiko elfu tano ni hasara ya taifa.

Utaratibu huo unazifaa pia ofisi na zahanati. Kabla ya kuchapa fomu mpya, mpe mkulima mmoja aijaze mbele yako, na uweke alama kila mahali kalamu yake inaposita. Kabla ya kupanga siku ya kliniki, uliza siku ya gulio.

Nanyi akina mama, mnapoletewa chombo kipya, msikifiche uvunguni kwa kuona haya. Kirudisheni kwa fundi, mkamwonyeshe palipopasuka. Fundi mwenye busara atawashukuru.