Ugonjwa wa Mkojo Ukiingia Katika Damu

Ndugu wakulima, maumivu ya kukojoa si jambo la kuvumilia mpaka mavuno yaishe. Vijidudu huanza katika kibofu, hupanda hadi figo, kisha huweza kuingia katika damu na kuua. Walio hatarini zaidi ni wazee, wajawazito, wenye kisukari na wenye mawe ya figo.

Mkiona homa kali na kutetemeka, maumivu ubavuni, kuhema, mkojo kupungua au akili kuchanganyikiwa, mpelekeni mgonjwa hospitali mara moja, hata usiku. Mzee aweza kuchanganyikiwa tu, bila homa. Huko atapimwa mkojo na damu, atatiwa dawa na maji mshipani, na mkojo uliozibwa utafunguliwa njia. Ng'ombe aweza kukamuliwa na jirani. Mgonjwa huyu hangoji.