Kura si Muamala wa M-Pesa

Mwaka 2024 nchi zaidi ya 60 zilifanya uchaguzi wa kitaifa, na tangu hapo swali ni lile lile, hata kutoka kwa mawakili: "Kama M-Pesa inatuma fedha salama, kwa nini tusipige kura kwa simu, wizi ukaisha?"

Jibu ni hapana, na naomba tuelewane mara moja. Muamala wa fedha una jina lako. Salio likipungua bila maelezo, unapiga huduma kwa wateja, wanaufuatilia. Kura haina jina, wala haitakiwi kuwa nalo. Mfumo ukimhamishia kura yako mgombea mwingine, utalalamika kwa ushahidi gani? Na ukipewa risiti inayoonesha ulimchagua nani, mnunuzi wa kura ataidai kabla hajakulipa. Umeukimbia wizi mmoja, umeufungulia duka mwingine.

Mtanitajia Estonia, inayopiga kura kwa intaneti tangu 2005. Sawa: watu takriban milioni 1.3, wenye vitambulisho vya kidijiti, tena mpiga kura anaruhusiwa kurudia na kura ya mwisho ndiyo inayohesabiwa, ili aliyeshurutishwa apate kubadili. Mbona hamnitajii Ujerumani? Mwaka 2009 Mahakama yake ya Katiba ilizikataa mashine za kura zilizokuwa zikitumika, kwa sababu raia asiye mtaalamu lazima aweze kuzikagua hatua muhimu za uchaguzi.

Venezuela wanapiga kura kwa mashine. Julai 2024 tume ya uchaguzi ilimtangaza Nicolás Maduro mshindi bila kutoa matokeo ya kila kituo. Karatasi ndizo zilizoiumbua: mawakala wa upinzani walikusanya fomu zilizochapwa vituoni, zaidi ya asilimia 80, wakazianika. Zilionesha Edmundo González kashinda kwa mbali. Maduro akaapishwa vilevile, maana hapakuwa na mahakama ya kumzuia. Malawi mahakama hiyo ilikuwepo: mwaka 2020 majaji walikagua fomu zilizofutwafutwa kwa wino mweupe, wakabatilisha uchaguzi wa rais, na marudio yakampa ushindi Lazarus Chakwera. Botswana nayo, kwa karatasi na kalamu, mwaka 2024 iliking'oa chama kilichotawala miaka 58.

Cha kufanya, basi. Matokeo yabandikwe mlangoni mwa kila kituo na kuwekwa mtandaoni, kama Kenya ilivyofanya kwa Fomu 34A, ile ya matokeo ya kituo, mwaka 2022. Wakala apewe posho na chakula, asitoke bila nakala iliyosainiwa. Vyama vijumlishe vyenyewe. Makamishna wasiteuliwe na mgombea. Na mlango wa mahakama uwe wazi: Ibara ya 41(7) ya Katiba ya Tanzania inazuia mahakama yoyote kuchunguza uchaguzi wa rais aliyekwisha kutangazwa na tume. Hakuna programu ya simu itakayoifuta ibara hiyo.