Pampu Mpya, Ugonjwa Uleule

Pampu ya steringi ikifa mara moja katika gari lililozidi miaka arobaini, hakuna cha kushangaza. Ikifa mara ya pili kabla mwaka haujaisha, halafu ya tatu, neno "imechoka" halitoshi tena kuwa jibu. Chukua Mercedes-Benz W123, gari la Ujerumani lililoundwa kuanzia 1976 hadi katikati ya miaka ya 1980, kwa idadi inayozidi milioni 2.6, na ambalo bado lina wapenzi wake kuanzia Ulaya hadi Afrika. Pampu yake ni imara na ikitunzwa hudumu miaka mingi. Kwa hiyo pampu zinapofuatana kufa katika gari moja, hoja yangu ni kwamba kuna kinachoziua, na mara nyingi muuaji yuko nje ya pampu yenyewe. Fundi anayefunga nyingine bila kumtafuta anaahirisha tu gharama za mteja wake.

Ndani ya pampu kuna rota inayozungushwa na injini kwa mkanda. Rota hiyo ina mifereji, na katika kila mfereji kuna kibapa cha chuma kinachochomoza na kuteleza kwenye ukuta wa duara lililobonyea kama yai. Vibapa hivyo ndivyo vinavyovuta oili kutoka kwenye mtungi na kuisukuma kwa presha kwenda kwenye boksi la steringi. Nafasi kati ya chuma na chuma ni ndogo mno, na kinachozuia visisagane ni utando wa oili tu. Oili hiyohiyo ndiyo inayosukuma, inayolainisha na inayopoza, kwa hiyo ikichafuka au ikiingiwa na hewa, mambo yote matatu yanaharibika kwa pamoja. Sasa fikiria pampu ya kwanza ilivyokufa. Ilisagika, na unga wake wa chuma haukubaki ndani yake: ulikwenda kwenye boksi, ukajificha kwenye mipira na kutuama chini ya mtungi. Pampu mpya ikifungwa kwenye mfumo huo bila kuusafisha, siku ya kwanza tu inameza mabaki ya mwenzake. W123 ina chujio dogo la karatasi ndani ya mtungi, limebanwa chini kwa springi, kwa ajili ya kuzuia taka za namna hiyo, na yapo magari ambayo chujio hilo halijawahi kubadilishwa tangu lilipokuwa jipya. Nalihesabu kuwa sehemu inayopuuzwa kuliko zote katika mfumo huu, ilhali bei yake ni ndogo sana ukiilinganisha na ya pampu.

Ndiyo maana pampu iliyokufa isitupwe kabla haijafunguliwa, kwani ushahidi wote umo ndani yake. Lichane chujio, lilaze juu ya kitambaa cheupe, kisha pitisha sumaku. Unga unaorukia sumaku ni wa vibapa na duara. Vipande vyeusi laini visivyoshikwa na sumaku ni ngozi ya ndani ya mpira wa zamani inayomeguka, na hapo pampu haina kosa lolote. Duara lenye michirizi mirefu limepitiwa na uchafu. Duara lenye vishimo vidogovidogo limeteswa na hewa, kwa sababu mapovu yakipasuka chini ya presha hung'oa chembe za chuma. Pampu ya namna hii huanza kuvuma mapema, na oili kwenye mtungi huwa na povu jeupe kama la maziwa. Katika W123 mtungi unakaa juu ya pampu yenyewe, hivyo hewa itafutwe karibu: oili iliyopungua, mpira wa kuziba kati ya mtungi na pampu, au sili ya shafti, ambayo ikichoka inaweza kuvuta hewa ndani hata pale ambapo haivujishi oili nje. Lakini kama sehemu za ndani ni safi na kilichokufa ni beringi na sili ya mbele, mtazame aliyekaza mkanda. Mkanda uliokazwa kupita kiasi, au puli isiyonyooka na wenzake, huivuta shafti upande mmoja saa zote injini inapounguruma.

Ipo pia pampu inayokufa kwa joto. Usukani ukishikiliwa hadi mwisho wa kona, valvu ya kupunguza presha hufunguka na oili huzunguka ndani ya pampu ikichemka. Sekunde chache hazina neno, lakini mazoea huua. Jointi za mbele zilizokauka hufanya kitu kilekile kimyakimya, maana pampu hulazimika kufanya kazi nzito hata gari linapokwenda taratibu. Hapa geji ya presha yenye valvu, ikifungwa kati ya pampu na paipu ya presha, huondoa ubishi. Ifunge valvu kwa muda usiozidi sekunde 5: presha ikipanda hadi kiwango kilichowekwa na mtengenezaji, pampu ni nzima. Ifungue, kata kona hadi mwisho: presha ikigoma kufika pale, boksi la steringi linavujisha ndani kwa ndani, na hata ukibadilisha pampu kumi usukani utabaki mzito. Na kama magurudumu yamenyooka, hakuna anayegusa usukani, lakini geji inasoma juu kuliko inavyopaswa, kuna kizuizi kwenye njia ya kurudi.

Wapo watakaosema tatizo ni pampu zenyewe, kwamba spea za siku hizi ni bandia na zilizokarabatiwa zimepakwa rangi tu. Ni kweli zipo, tena nyingi. Lakini pampu mbovu tangu dukani hujionyesha mapema: haifikishi presha kwenye geji siku inapofungwa. Iliyopita kipimo siku hiyo, ikafa baada ya miezi minne, imekutana na kitu ndani ya gari. Wengine hutetea oili nzito, ile ya injini au ya gia, kwa kuwa huzima mlio. Huuzima kweli, kwa muda. Asubuhi injini ikiwa baridi, ni sawa na kumpa mtu uji mzito aunywe kwa mrija: pampu inavuta isichokipata, na pengo hilo linazaa mapovu. Oili ya breki ni mbaya zaidi, kwa sababu inavimbisha sili zilizotengenezwa kwa ajili ya oili ya madini.

Pingamizi lenye uzito ni la gharama, kwa kuwa kusafisha mfumo ni kazi ya nusu siku na oili ya ziada. Hata hivyo kazi yenyewe haihitaji mtambo. Gari linanyanyuliwa mbele, mpira wa kurudishia unachomolewa na kuelekezwa kwenye chupa angavu, tundu lake kwenye mtungi linazibwa, kisha injini ikiwa imezimwa usukani unazungushwa polepole kutoka mwisho hadi mwisho huku oili mpya ikiongezwa, mpaka inayotoka ifanane na inayoingia. Chujio jipya na pampu mpya vifungwe baada ya hapo. Gari likishatembea kilomita 500, chujio hilo lifunguliwe tena na kupitishiwa sumaku. Likitoka na unga, boksi bado linatema, na zamu ya kufunguliwa ni yake.