Jiografia ya mwambao wa Mara

Mwambao wa Mara ni ukanda wa nchi ulioko upande wa mashariki wa Ziwa Viktoria, katika Mkoa wa Mara, kaskazini mwa Tanzania. Makala hii inahusu hasa maeneo ya Musoma, Bunda na Butiama. Ingawa ukanda huu unapakana na ziwa kubwa kuliko yote barani Afrika, ni miongoni mwa sehemu kavu za kandokando ya ziwa hilo, na ukame si jambo geni kwa wakazi wake. Hali hiyo ya kuwa karibu na maji mengi na bado kupungukiwa na mvua ndiyo inayoeleza mambo mengi ya kilimo, uvuvi na makazi ya eneo hili.

Mahali

Mkoa wa Mara uko kusini kidogo mwa ikweta. Umepakana na Kenya upande wa kaskazini, Mkoa wa Arusha upande wa mashariki, na mikoa ya Simiyu na Mwanza upande wa kusini. Kwa sensa ya mwaka 2022 ulikuwa na wakazi 2,372,015.

Makao makuu ya mkoa ni Musoma, mji wa bandari uliojengwa kwenye rasi karibu na Ghuba ya Mara. Bunda iko kusini, kwenye barabara kuu inayotoka Mwanza kwenda Sirari mpakani mwa Kenya. Butiama iko bara, mbali kidogo na ziwa.

Sura ya nchi

Uso wa ziwa uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Kutoka ufukweni nchi inapanda polepole kuelekea mashariki, ikiwa na vilima, mabonde mapana na tambarare zinazoungana na nyika za Serengeti. Upande wa kaskazini, ng'ambo ya Mto Mara, nchi inapanda zaidi hadi nyanda za juu za Tarime.

Miamba ya chini ni ya kale sana, yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2. Sehemu nyingi ni graniti. Udongo wa juu ukiisha kuchukuliwa na maji, hubaki mawe makubwa ya mviringo yaliyopandana, kama yanavyoonekana Musoma na Butiama. Katikati ya graniti hizo kuna mikanda ya miamba yenye dhahabu. Ndiyo sababu ya machimbo ya Buhemba na Kiabakari, na ya Nyamongo wilayani Tarime.

Udongo wa miinuko huwa wa kichanga na hulimika kwa urahisi. Mabondeni kuna udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao hunata wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi.

Tabianchi

Kuna misimu miwili ya mvua: vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba, na masika, kuanzia Machi hadi Mei. Mvua za vuli hutofautiana sana mwaka hadi mwaka. Bukoba, ulioko ng'ambo ya magharibi ya ziwa hilohilo, hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka; Musoma haipati hata nusu ya kiasi hicho.

Tofauti hiyo inatokana na upepo. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, hivyo upepo huvuma kutoka nchi kavu kuelekea ziwani. Pepo za pande mbalimbali hukutana juu ya maji yenye joto, hewa hupanda na mawingu ya radi hujengeka. Kwa kuwa pepo za jumla katika sehemu hii ya Afrika hutoka mashariki, mawingu hayo husukumwa kuelekea magharibi na kunyesha upande wa Bukoba. Mchana mambo hugeuka: upepo wa ziwani huingia bara, nao hukutana na pepo za mashariki mbali na ufuko. Kwa hiyo mvua ya alasiri hunyesha zaidi kwenye nyanda za juu za Tarime kuliko Musoma mjini.

Mto Mara

Mto Mara una urefu wa takriban kilomita 395. Unaanzia kwenye msitu wa Mau nchini Kenya, unapita katika hifadhi ya Maasai Mara na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, kisha unaingia ziwani karibu na Musoma. Wakati wa kiangazi ndio maji ya kutegemewa ya makundi ya nyumbu wanaohama.

Kabla ya kufika ziwani mto hutawanyika katika kinamasi kikubwa cha mafunjo. Mafunjo hupunguza mwendo wa maji na kunasa tope, na hapo ni mazalio ya samaki na malisho ya ng'ombe wakati wa ukame. Misitu ya vyanzo inapokatwa, mvua hukimbia juu ya ardhi badala ya kuzama. Mto hufurika masika, hupungua kiangazi, na hubeba tope nyingi zaidi.

Mwezi Machi 2022 maji ya mto karibu na daraja la Kirumi yaligeuka meusi na samaki wengi wakafa. Kamati iliyoundwa na serikali ilitaja kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na kuoza kwa mimea, mambo yaliyomaliza hewa ya oksijeni majini. Maelezo hayo yalizua mjadala mkubwa nchini.

Wakazi na maisha

Mkoa una makabila mengi kuliko mikoa mingi ya Tanzania. Wajita, Wakwaya na Waruri wanaishi hasa karibu na ziwa. Wazanaki wako Butiama, Waikizu upande wa Bunda, na Wakurya na Waluo hasa kaskazini. Waluo husema lugha ya Kiniloti, na wengine hao husema lugha za Kibantu. Julius Nyerere, rais wa kwanza wa Tanzania, alizaliwa Butiama mwaka 1922 katika ukoo wa Kizanaki, akazikwa hapo mwaka 1999.

Zao la kutegemewa ni muhogo, kwa sababu huvumilia ukame na unaweza kubaki ardhini mpaka utakapohitajika. Hukaushwa, hutwangwa au kusagwa, na mara nyingi unga wake huchanganywa na wa mtama kupikia ugali. Adui wake ni magonjwa ya batobato na michirizi ya kahawia. Pamba ni zao la biashara, hasa Bunda, na mpunga hulimwa mabondeni. Familia nyingi hufuga pia ng'ombe, mbuzi na kondoo, ili zao moja likikosekana pawe na kitu cha kuuza.

Ziwani huvuliwa dagaa, sato na sangara. Sangara aliingizwa katika ziwa miaka ya 1950 na 1960. Alileta viwanda vya minofu na biashara ya nje, lakini aliangamiza aina nyingi za samaki wadogo waitwao furu.

Ziwa na mgawanyo wa maji

Sehemu kubwa ya maji ya ziwa hutokana na mvua inayonyesha juu yake, kwa hiyo kina hubadilika pamoja na mvua. Mvua za miaka ya 1961 hadi 1964 zilikipandisha kwa zaidi ya mita 2. Mwaka 2020, na tena mwaka 2024, maji yalipita kiwango cha 1964, yakafunika mashamba, nyumba na mialo ya wavuvi.

Vijiji vya bara havinufaiki na maji hayo bila mashine, kwa kuwa viko juu ya ziwa. Mradi wa Mugango–Kiabakari–Butiama huyasukuma kwa pampu kutoka ufukweni hadi vijijini. Miradi ya namna hii inagusa pia suala la mto Naili, unaotoka katika ziwa hili. Mkataba wa mwaka 1929 kati ya Uingereza na Misri ulizuia makoloni kupunguza maji ya Naili bila idhini ya Misri. Mwaka 1962 serikali ya Tanganyika ilitangaza kwamba mkataba huo hauifungi nchi huru.