Wasichana wa Kiwandani Waliojaza Uwanja

Wanangu, sogeeni karibu. Leo hatuna sungura wala fisi. Hawa ninaowasimulia waliishi kweli, na mpira wao ulikuwa wa ngozi, wenye uzito wake, na ukilowa mvua unazidi kuwa mzito.

Twendeni Preston, mji wa viwanda kaskazini mwa Uingereza. Ni mwaka 1917, Vita vya Kwanza vya Dunia vimepamba moto na wanaume wengi wako vitani. Katika kiwanda cha Dick, Kerr, wanawake ndio wanaotengeneza makombora. Kazi ni ngumu na ya hatari. Lakini wakipata mapumziko, hutoka uani wakapiga mpira. Karani mmoja, Alfred Frankland, alikuwa akiwatazama kupitia dirishani, akaona kwamba hawa si wa kuchezea uani tu.

Basi siku ya Krismasi, Frankland akawatafutia uwanja wa Deepdale, wacheze na wanawake wa kiwanda kingine. Walikuja watazamaji 10,000! Timu yao, Dick, Kerr Ladies, ikashinda 4–0, na mapato ya mlangoni yakaenda kuwauguza askari majeruhi.

Vita vikaisha mwaka 1918, mpira haukuisha. Mwaka 1920 akajiunga nao Lily Parr wa mji wa St Helens, hata miaka 16 hajafikisha. Alicheza winga ya kushoto, na golikipa aliyeona mguu ule wa kushoto ukiinuka alikuwa na kila sababu ya kuogopa. Desemba mwaka huo walicheza hata usiku. Taa za uwanjani hazikuwepo, wakaazima taa kubwa za jeshi zilizotumika vitani kumulika ndege za adui angani, na mipira ikapakwa chokaa ili ionekane gizani.

Siku chache baadaye, Desemba 26, wakaingia Goodison Park, uwanja wa Everton mjini Liverpool. Ndani kulikuwa na watu 53,000. Nje walibaki maelfu waliokosa nafasi. Wakashinda 4–0 tena.

Mngedhani baada ya hapo wangepongezwa. Haikuwa hivyo. Desemba 5, 1921, Chama cha Soka cha Uingereza kilitangaza kwamba kandanda haiwafai wanawake. Kikadai pia kwamba fedha nyingi mno zinaishia kwenye gharama badala ya kuwafikia wahitaji. Kisha kikaviamuru vilabu vyake visiwape wanawake viwanja. Angalieni marufuku hii ilivyofanya kazi: haikumkataza mtu kupiga mpira, ila iliondoa majukwaa na milango ya kukusanyia viingilio. Timu isiyo na uwanja itawaweka wapi watu 53,000?

Wao hawakutundika viatu. Mwaka 1922 walivuka bahari hadi Marekani, wakapangiwa timu za wanaume, wakacheza nazo, na mara kadhaa wakazifunga. Waliporudi waliendelea kwenye viwanja vidogo visivyo vya chama, baadaye kwa jina la Preston Ladies, hadi 1965. Lily Parr alifanya kazi ya uuguzi hospitalini huku akicheza, na hakustaafu mpira hadi 1951. Marufuku yenyewe ilidumu takriban miaka 50.

Mwaka 2002 Parr akawa mwanamke wa kwanza kuingizwa katika orodha ya magwiji ya Makumbusho ya Taifa ya Soka ya Uingereza, na mwaka 2019 akasimamishiwa sanamu Manchester. Yeye mwenyewe hakuyaona hayo, alifariki 1978.

Kwa hiyo, wanangu, mtu akiwaambia kwamba mpira wa wanawake ni jambo la juzi na hauna watazamaji, mwambieni habari za Goodison Park. Watazamaji walikuwepo, wengine hadi nje ya geti. Kilichokosekana ni ruhusa. Na wewe binti unayefunga kamba za viatu jioni hii, ingia uwanjani ucheze. Una haki nao.