SOYA LAINI NA TAMU KWA FAMILIA NZIMA

Tutapika chakula laini na kitamu, chenye sura ya maziwa mgando, kwa kutumia soya. Lakini kabla ya kuwasha moto tupitie kwanza wodi ya watoto, kwa sababu huko ndiko tulikopata sababu ya kuandika habari hii.

Bibi mmoja kutoka vijiji vya upande wa Mugumu alituletea mjukuu wake wa mwaka mmoja na nusu. Uso wa mtoto ulikuwa wa mviringo, miguu imejaa, nywele zimekuwa nyekundu na nyepesi. Hakutaka kucheza wala kuguswa. Bibi akatuambia, “Sista, huyu hana shida ya chakula. Si unaona alivyonenepa? Ni homa tu.” Tukabonyeza mguu wa mtoto kwa kidole gumba, kisha tukaondoa kidole. Shimo likabaki. Ule haukuwa unene, yalikuwa maji.

Tulipouliza zaidi, tuliambiwa kwamba mama alipata mimba nyingine, mtoto akaachishwa ziwa akiwa na miezi kumi na mmoja. Nyumbani palikuwa na ng’ombe wawili wa kukamuliwa, lakini maziwa yote yaliuzwa asubuhi. Mtoto alikunywa uji, na unga wa uji huo ulikuwa na soya. “Tuliweka soya kama mlivyotufundisha,” bibi akasema. Soya hiyo ilisagwa mbichi.

Ndugu wasomaji, hapo tuliona kosa letu sisi wauguzi. Tulikuwa tumesema, “Changanyeni soya,” tukanyamaza. Hatukusema kwamba lazima ipikwe kwanza. Mtoto yule alitibiwa, akapona, akarudi nyumbani akikimbiakimbia. Lakini neno tulilolisahau siku ile tunataka kulisema leo kwa sauti.

UGONJWA WA MTOTO ALIYEACHISHWA ZIWA

Ugonjwa huo wa kuvimba kwa utapiamlo huitwa kwashiakoo. Daktari Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaika aliyefanya kazi Ghana ilipoitwa bado Gold Coast, ndiye aliyelitangaza jina hilo kwa madaktari wa dunia mwaka 1935. Alilipata kwa akina mama wa kabila la Waga. Kwao ni ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa ziwani kwa sababu mwenzake anakuja. Akina mama wale walikuwa wameona jambo ambalo hata huku Tarime na Serengeti tunaliona.

Mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita ya kwanza. Baada ya hapo aanze vyakula vingine huku akiendelea kunyonya mpaka afikishe miaka miwili au zaidi. Mimba haichafui maziwa. Mama mjamzito aliye na afya anaweza kuendelea kunyonyesha, ila naye anahitaji kula vizuri zaidi, na azungumze na mhudumu wa kliniki. Mama anayeishi na virusi vya UKIMWI asimwachishe mtoto kwa hofu. Ameze dawa zake kila siku na afuate maelekezo ya kliniki.

KWA NINI SOYA?

Soya si ngeni nchini kwetu. Ilipandwa Amani, mkoani Tanga, mwaka 1907 wakati wa Wajerumani. Zaidi ya theluthi moja ya uzito wa punje kavu ni protini, yaani chakula cha kujenga mwili. Hiyo ni zaidi ya maharage yetu ya kawaida, na ubora wake unakaribia ule wa nyama na maziwa. Ina mafuta mazuri pia.

Lakini soya mbichi ina vitu vinavyozuia tumbo kusaga protini. Mtoto anashiba, protini inapita bure, na pengine anaharisha. Moto wa kutosha ndio unaoviondoa vitu hivyo. Uji wa dakika tano au kumi hautoshi kuivisha unga wa soya mbichi. Kwa hiyo, ukitaka unga wa uji, chambua soya, ichemshe kwenye maji yanayotokota kwa nusu saa, menya maganda, anika mpaka ikauke kabisa, kaanga kidogo bila mafuta, ndipo uipeleke mashineni. Vipimo vitatu vya mahindi, mtama au wimbi kwa kipimo kimoja cha soya vinatosha. Usijaze nafaka na mbegu za kila namna katika mfuko mmoja.

MAZIWA YA SOYA NA TOFU

Wachina wamekula soya iliyogandishwa kwa karne nyingi, nayo huitwa tofu. Ni kama jibini, ila imetokana na soya. Huhitaji mashine. Tafuta soya kavu kikombe kimoja, maji safi vikombe vinane, ndimu tatu au nne, kitambaa cheupe kilichochemshwa, sufuria kubwa, na kinu.

1. Chambua soya, ioshe, iloweke usiku kucha. Asubuhi mwaga maji hayo, fikicha punje ili maganda yatoke.

2. Itumbukize kwenye maji yanayotokota kwa dakika kumi. Hii hupunguza ile harufu ya soya ambayo watoto huikataa. Mwaga maji hayo.

3. Twanga au saga mpaka ilainike kabisa, ukiongeza vile vikombe vinane vya maji ya moto kidogo kidogo.

4. Chuja kwa kitambaa na kamua sana. Maji meupe yaliyotoka ndiyo maziwa ya soya.

5. Yachemshe huku ukikoroga hadi chini, maana hushika sufuria upesi. Angalia hapa: povu hupanda mapema, na wengi hudhani yameiva, wakaepua. Bado! Punguza moto, acha yatokote polepole kwa dakika ishirini.

6. Epua, subiri dakika tano. Changanya vijiko vitatu vikubwa vya maji ya ndimu na nusu kikombe cha maji ya vuguvugu. Mimina kwa awamu tatu huku ukikoroga taratibu, kisha funika kwa robo saa. Utaona mabonge meupe na maji ya manjano. Kama maji bado ni meupe, ongeza ndimu kidogo.

7. Mimina kwenye kitambaa, kining’inize kwa nusu saa. Usikandamize kwa jiwe, kwa kuwa leo tunataka tofu laini.

Makapi yasitupwe, wala yasiliwe yalivyo. Yapike tena vizuri, dakika ishirini au zaidi, pamoja na mboga za majani au maharage.

CHAKULA KITAMU CHENYEWE

Kwa kuwa mikono na kitambaa vimegusa tofu, irudishe kwanza kwenye maji safi yanayotokota kwa dakika tano, kisha iipue na uichuje. Ikipoa, iweke kwenye bakuli pamoja na ndizi mbivu mbili zilizoiva sana. Huku Tarime ndizi hazitupi shida. Pondaponda kwa mwiko, halafu pitisha mchanganyiko kwenye chujio safi ukisukuma kwa kijiko. Kazi hii ya chujio ndiyo inayofanya chakula kiwe laini kama malai. Ukiiacha utapata madonge. Mwenye blenda na umeme atamaliza kwa dakika moja.

Ongeza maji ya ndimu kijiko kidogo, chumvi kidogo mno, na sukari kijiko kimoja ikibidi. Ndizi ikiwa imeiva sawasawa, sukari haihitajiki. Kikiwa kizito, ongeza maziwa ya soya yaliyoiva. Badala ya ndizi unaweza kutumia embe, papai au parachichi. Kile siku hiyo hiyo. Kisilale mpaka kesho kama hakuna jokofu.

Kinawafaa watoto waliokwisha kuanza chakula, wazee wasio na meno, na wagonjwa wanaoshindwa kutafuna. Mwenye vidonda mdomoni asitiwe ndimu ya mwisho. Mwenye kisukari asiongezewe sukari, na ndizi iwe nusu. Siku za Ijumaa za Kwaresima, familia isiyokula nyama inaweza kukifurahia baada ya ugali na mboga.

TAHADHARI

Maziwa ya soya ya nyumbani hayachukui nafasi ya ziwa la mama. Mtoto aliye chini ya miezi sita asipewe kabisa, na aliye chini ya mwaka asifanyiwe kuwa kinywaji chake kikuu. Pia mtoto wa chini ya mwaka asitiliwe asali. Mara ya kwanza mpe mtoto kijiko kimoja tu, umwangalie. Akivimba midomo, akitoka vipele au akipumua kwa shida, mpeleke kwenye kituo cha afya mara moja. Anayemeza dawa za tezi la shingo amuulize daktari, kwa sababu soya hupunguza nguvu ya dawa hizo zikiliwa pamoja.

Mtoto aliyevimba miguu asitibiwe kwa tofu nyumbani. Mbonyeze miguu yote miwili kwa kidole gumba kwa sekunde chache. Shimo likibaki, mlete hospitali siku hiyo hiyo. Mwili wake umedhoofika, na chakula kingi cha ghafla kinaweza kumdhuru. Huko atapimwa na kulishwa kwa utaratibu wake.

NENO KWA AKINA BABA

Hatusemi soya ni bora kuliko maziwa ya ng’ombe. Tofu ya ndimu haina madini ya mifupa kama maziwa, wala haina vitamini ile ya damu inayopatikana kwenye vyakula vya wanyama. Basi, akina baba wa Tarime na Serengeti, mnapopanga maziwa ya kuuza asubuhi, kikombe kimoja kibaki kwa ajili ya mtoto aliyeachishwa ziwa. Yai moja moja libaki pia. Ada za shule na dawa za mifugo tunazijua. Lakini siku za kulala wodini na mgonjwa nazo zina gharama yake.

Bibi yule alirudi kutusalimu, amemshika mjukuu mkono. Tulimuuliza kama bado anatumia soya. Akacheka, akasema, “Natumia, Sista. Lakini sasa naichemsha kwanza, na majirani nimewaambia.” Nasi tunawaomba ninyi, katika jumuiya zenu ndogo ndogo, mfanye kama bibi huyo: mkimwambia mtu aweke soya, msimalizie hapo. Mwambieni pia aipike mpaka iive.