Tazameni Asili Kwanza: Njia Tatu za Kutafuta Integrali ya Sehemu



Baadhi yenu mlio kidato cha tano na cha sita hutuletea madaftari ya hisabati mkiwa na swali lile lile: integrali ya sehemu yenye polinomia juu na chini. Wengi hukariri kanuni nyingi, na siku ya mtihani hawajui watumie ipi. Tunawausia: msikimbilie kanuni, tazameni asili kwanza.

Jambo hili mnalijua. Katika mirathi, mke akipata 1/8, mama 1/6 na mtoto wa kiume kinachobaki, tunatafuta asili ya masuala, nayo ni 24. Mke ana 3, mama 4, mtoto 17. Pale tunaunganisha sehemu. Hapa tunazitenganisha.

Kwanza, linganisheni vipeo. Kipeo kikubwa cha juu kikilingana na cha chini au kukizidi, gawanyeni kwanza, kisha mshughulikie baki.

Pili, tafuteni vigawo vya asili. Tuchukue 1/(x² + 10x − 39). Asili ni (x − 3)(x + 13), basi tunaandika:

1 = A(x + 13) + B(x − 3)

Wekeni x = 3, mpate A = 1/16. Wekeni x = −13, mpate B = −1/16. Kila kipande kinatoa logi asilia, na jibu ni:

(1/16) ln|(x − 3)/(x + 13)| + C

Tatu, asili ikikataa vigawo, kamilisheni mraba. Katika 1/(x² + 10x + 34), nusu ya 10 ni 5, na mraba wake 25. Hivyo asili ni (x + 5)² + 9, na jibu ni:

(1/3) tan⁻¹((x + 5)/3) + C

Integrali zilikuja karne nyingi baadaye, lakini kukamilisha mraba kulielezwa Baghdad katika karne ya 9 na Muhammad bin Musa al-Khwarizmi. Katika kitabu chake cha al-jabr alionyesha kwa mchoro jinsi ya kutatua x² + 10x = 39, akiandika kwa maneno matupu. Kitabu hicho hicho kina mlango mrefu wa wasia na mirathi. Basi asiwaambie mtu kwamba hisabati ya shule na elimu ya madrasa ni vitu viwili visivyojuana.

Mkimaliza, tafuteni derivativu ya jibu lenu. Ikirudisha sehemu mliyoanza nayo, mmepatia.

Wabillahi tawfiq.